Bahari Ndani ya Nyumba ya Urithi: Tuliyojifunza Kabla ya Kununua Kioo

Bibi yetu hajaiona bahari kwa miaka minne. Si kwamba bahari imehama. Kutoka kizingiti cha nyumba yetu hapa Mji wa Kale, Mombasa, mwenye miguu mizima hufika kwenye maji kabla chai ya kikombe haijapoa. Lakini magoti ya bibi hayakubali tena ngazi wala vichochoro, na dirisha la juu alilozoea kutazamia majahazi limezibwa na jengo jipya.

Ndipo sisi wajukuu wake, madada watatu tunaokaa naye pamoja na waume na watoto wetu, tulipokusudia kumletea bahari ndani: tangi kubwa la kioo, lenye maji ya chumvi na samaki wa rangi. Tulidhani kazi itakuwa kuchagua samaki. Ilipita miezi minane kabla ya tone la kwanza la maji kutiwa, na karibu muda huo wote ulikwenda kwa nyumba yenyewe. Wasomaji wetu watukufu, tunayasimulia haya kwa kuwa twajua wengi wenu mnakaa katika nyumba za namna hii, na hamu kama yetu huenda ikabisha hodi kwenu pia.

Uzito usiotawanyika

Mchoro wa kwanza aliuchora shemeji yetu nyuma ya bahasha: tangi la urefu wa mita 2, upana wa sentimita 70 na kina cha sentimita 70, likae katikati ya sebule ya juu lipate kutazamwa pande zote. Sote tulifurahi. Kisha binti yetu anayesoma sekondari akachukua kalamu akapiga hesabu. Vipimo hivyo vinatoa lita 980. Lita moja ya maji ya bahari ina uzito wa takriban kilo 1.025, kwa hiyo maji peke yake yanapita tani moja. Kioo cha unene wa milimita 15 ni kama kilo 190 nyingine. Ongeza mawe, mchanga, meza ya kulibeba na tangi dogo la chini la kusafishia maji, na jumla inapita tani moja na nusu.

Ni sawa na watu wazima ishirini waliosimama wakibanana juu ya eneo la miswala miwili. Nyumba yetu imewahi kupokea watu wengi zaidi ya hao siku za arusi na khitima, lakini wageni hutawanyika vyumbani, na ukifika usiku huenda kwao. Tangi halitawanyiki wala halina kwao.

Nyumba za mawe za pwani yetu zina namna yake ya kubeba. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, nene kiasi cha nusu mita. Sakafu ya juu hulala juu ya boriti za mkoko zilizopangwa kutoka ukuta hadi ukuta. Juu ya boriti hupangwa vipande vya mawe, kisha kokoto na chokaa hushindiliwa. Vyumba vyetu havipiti sana upana wa mita 3, si kwa sababu wazee walipenda vyumba vyembamba, bali kwa kuwa huo ndio urefu ambao boriti huuvuka ikiwa na mzigo. Sakafu hiyo tayari ni nzito yenyewe. Anayeweka kitu kizito katikati ya chumba hukiweka pale boriti ni dhaifu kuliko pote. Na anayekilaza sambamba na boriti, badala ya kuzikatiza, huzitwisha boriti mbili tatu mzigo ambao zingeugawana nyingi.

Fundi alipogonga dari

Hatukutaka kutegemea hesabu za karatasini. Tulimwita fundi mzee wa nyumba za chokaa, naye alikuja na nyundo ndogo, bisibisi ndefu na tochi. Hakupanda juu. Aliingia kwanza chumbani kwa bibi, kwa kuwa dari ya chumba hicho ndiyo sakafu ya sebule. Aligonga boriti moja moja akisikiliza. Nyingi zililia kavu, kama mlango ukibishwa. Tatu zilizo karibu na ukuta wa bafu zilitoa sauti ya gunia. Alipochoma bisibisi kwenye ncha ya mojawapo, pale inapoingia ukutani, ilizama hadi mpini.

Chanzo kilikuwa bomba la maji lililofukiwa ndani ya ukuta miaka mingi iliyopita, likivuja kidogo kidogo. Kwa nje sisi tulikuwa tumeona doa tu, tukalipaka rangi kila Ramadhani ilipokaribia. Kitanda cha bibi kilikuwa chini ya boriti hizo. Usiku ule tulikihamisha, na kwa wiki mbili hakuna aliyetaja samaki.

Hivyo basi, anayewaza tangi ghorofani aanze kwa dari iliyo chini yake. Atazame ncha za boriti, madoa yanayorudi baada ya kupakwa rangi, unga wa mchwa, ufa mpya ukutani na mahali sakafu inapobonyea mtu akipita. Na ikiwa bado ameshikilia ghorofa, apate kauli ya mhandisi wa majengo aliyekwisha kushughulikia nyumba za boriti. Mazoea ya zege hayatoshi hapa.

Ridhaa ya wenye nyumba

Nyumba yetu haijagawanywa. Ingali kwa jina la babu, na wenye haki ndani yake ni bibi, ami zetu wawili, shangazi yetu aliyeko Malindi, na sisi kwa fungu la marehemu baba yetu. Katika furaha yetu tulisahau kuwauliza. Ami mkubwa alipopata habari, alikuja baada ya sala ya Ijumaa, akamaliza kahawa yake yote, ndipo akasema: "Wanangu, mnataka kutia tani nzima juu ya sakafu ya watu. Wenyewe mmewauliza?"

Hatukuwa na jibu. Alisema kweli: mali ya shirika haitwishwi mzigo kwa matakwa ya mmoja, hata akiwa ndiye anayeishi humo na kufagia kila siku. Tuliandika karatasi moja inayoeleza kitu gani kitawekwa, wapi, kwa uzito gani, na nani atagharimia uharibifu ukitokea. Kila mrithi akatia sahihi. Wale wanaofikiria kutoboa ukuta au kupanua mlango ili kioo kipite, na nyumba yao imo katika eneo la uhifadhi la Mji wa Kale, waulize kwanza ofisi ya uhifadhi iliyo chini ya Makumbusho ya Taifa ya Kenya.

Kuhusu fedha, akiba ya tangi ilikwenda kwanza kwa boriti. Zilinunuliwa tatu mpya kwa muuzaji mwenye kibali, na bomba likahamishwa nje ya ukuta ili likivuja lionekane. Mmoja wetu alipendekeza saruji ili kazi iishe upesi. Fundi alikataa. Chokaa huuachia unyevu upite na kukauka, lakini saruji huufungia. Nao ukifungiwa hupanda ndani ya ukuta na kutafuta boriti nyingine.

Swali la bibi

Tulipokaa tena kulizungumza tangi, lilikuwa limeshuka kwa njia mbili. Kutoka sebule ya juu lilikuwa limekuja ukumbi wa chini unaoelekea ua wa ndani, na kutoka lita 980 lilikuwa limepungua hadi lita 450. Bibi hakuwa ametakwa shauri hata mara moja, kwa kuwa ilikusudiwa iwe zawadi. Alitusikiliza, akacheka, akatuuliza kama tulidhani sisi ndio wa kwanza kufuga samaki ndani ya nyumba.

Bibi alizaliwa Lamu. Katika nyumba ya wazazi wake, kama katika nyumba nyingi za kale za mji ule, palikuwa na birika la maji lililojengwa kwa mawe na chokaa pembeni mwa choo, likiegemea ukuta mnene. Ndani yake waliishi samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Na sakafuni mwa birika palikuwa pametiwa bakuli la kauri, mdomo juu. Alipokuwa mtoto alidhani ni pambo. Siku maji yalipokwisha ndipo alipoelewa: bakuli lilibaki na maji yake, na samaki wote walikuwa wamekimbilia humo, wakingoja maji mapya.

"Nyinyi mmenieleza siku ya maji mengi," alisema. "Siku ya shida mmeipangia nini? Bakuli lenu liko wapi?"

Tuliyaona mambo mawili. Waliojenga birika waliliweka pembeni, ukuta ulibebe, wala hawakulitia katikati ya chumba. Na kabla ya kumtia samaki walifikiria siku ambayo maji hayatakuwapo. Tangu hapo kila tulilolipanga tulilipima kwa swali la bibi.

Sakafu ya chini nayo

Tusidhani kwamba chini ni salama kwa kuwa ni chini. Fundi aliigonga sakafu ya ukumbi pia, maana chini ya nyumba za zamani huenda pakawa na kisima au shimo la choo lililofukiwa. Alhamdulillahi, palikuwa pagumu. Lakini pima maji ilionyesha kwamba sakafu inateremka sentimita 2 katika urefu wa mita moja na nusu. Jicho halioni mteremko huo. Tangi hulihisi, kwa kuwa maji huelemea upande mmoja na gundi ya pembe za kioo ndiyo itakayolipa. Fundi alijenga jukwaa la mawe akalisawazisha, na juu yake tukatandika ubao mnene na tabaka laini la sponji. Tangi letu la sasa lina urefu wa sentimita 150, upana wa 60 na kina cha 50. Likijaa, pamoja na kila kitu chake, linakaribia kilo 850.

Kilo 16 za chumvi

Maji ya bahari hubeba chumvi kama gramu 35 kwa kila lita. Katika lita 450 mna karibu kilo 16, nazo sasa zinaishi jirani na ukuta wa chokaa. Matone yarukayo povu likipasuka, na maji yanayodondoka mkononi mwa anayesafisha, huingia katika vinyweleo vya jiwe. Maji hukauka, chumvi hubaki, hujenga fuwele, na fuwele zikikua huisukuma lipu mpaka ikamenyuka kama ganda la kidonda.

Mmoja wa watoto alisema kuta hizi zilitoka baharini, kwa hiyo chumvi haiwezi kuzidhuru. Ni kweli kwamba ni matumbawe, na kwamba mafundi wa zamani walichagua tumbawe laini kwa ajili ya nakshi za milango na zidaka. Lakini kulowa na kukauka, kulowa na kukauka, ndiko kunakoliua jiwe, hata lililozaliwa majini.

Kwa hiyo tuliacha nafasi ya sentimita 15 kati ya tangi na ukuta, mkono wenye kitambaa upate kupita. Tuliweka kifuniko, na chini ya kila kitu trei ya plastiki yenye kingo. Maji yanayopungua kwa kukauka huongezwa kwa maji yasiyo na chumvi, kwa kuwa chumvi haipai na mvuke. Anayeongeza maji ya chumvi kila siku atawaulia samaki katika maji makali. Na kila wiki hutolewa lita 45 chafu. Hizo huenda kwenye bomba la maji machafu litokalo nje. Mfereji wa uani, unaopita chini ya ukuta, haupati hata tone.

Joto na giza

Katika nchi za baridi wenye matangi hununua vyombo vya kupasha maji moto. Hapa kwetu taabu ni kuyapoza. Samaki wa miambani hustarehe maji yakiwa na nyuzi 24 hadi 27 za Selsiasi, na sebule yetu ya juu mwezi wa Machi hupita nyuzi 30, kabla pampu na taa hazijaongeza joto lao. Joto la bahari la mwaka 1998 lilipausha na kuua matumbawe mengi ya pwani yetu, huko kwenye bahari pana. Tangi halina kina cha kukimbilia. Pia maji ya moto hubeba hewa kidogo. Ukumbi wa chini, wenye kuta nene na usiofikiwa na jua la alasiri, ulitupa bure ule ubaridi ambao tungeununua kwa umeme. Feni ndogo inayopuliza juu ya maji hushusha nyuzi chache zaidi, ingawa huongeza kukauka.

Umeme wa tangi tuliutenga na nyaya za zamani za nyumba. Fundi aliyesajiliwa alivuta laini yake pekee, yenye swichi inayojikata umeme unapovuja. Kila waya unashuka kwanza chini ya soketi ndipo upande, ili tone likiufuata lidondokee sakafuni badala ya kuingia kwenye soketi. Ukumbini wanapita watoto na mzee mwenye magoti mabovu: sakafu yenye maji na waya wenye umeme hatukuwa tayari kuvikutanisha.

Halafu umeme hukatika. Pampu ikisimama, maji ya juu huendelea kuteremka katika tangi dogo la chini mpaka yafikie usawa wa mdomo wa bomba. Katika tangi letu kila sentimita moja ni lita 9. Sentimita 3 ni lita 27, na kama chini hapana nafasi, zitamwagika ukumbini usiku watu wamelala. Tulizima swichi makusudi mara tatu, tukatazama maji yanapokomea, tukatia alama, na hatujazi chini kupita alama hiyo. Nafasi hiyo tupu ndiyo sehemu ya kwanza ya bakuli letu. Ya pili ni pampu ndogo ya hewa inayotumia betri. Ya tatu ni lita 40 za maji yaliyo tayari, katika madumu yaliyofungwa. Ya nne ni mtoto wa jirani aliyefundishwa kulisha kwa kipimo, siku tutakapokwenda Lamu kwa Maulidi. Sote tunaijua habari ya mwanamke aliyemfungia paka asimlishe wala asimwachie ajitafutie. Mwenye kufungia kiumbe amechukua amana.

Maji kwanza, samaki baadaye

Tuliacha kuchota maji ya kando ya mji, kwa sababu ya mifereji na mafuta ya vyombo. Tunachanganya maji yaliyochujwa na chumvi iliyotengenezwa kwa matangi. Chumvi ya jikoni haitoshi, imekosa madini mengine ya bahari. Kisha tunangoja. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Bakteria wa aina moja huigeuza kuwa nitriti, ambayo ni sumu pia, na wengine huigeuza nitriti kuwa nitrati, isiyo na madhara makubwa. Bakteria hao huhitaji wiki nne hadi sita, pengine zaidi, kuenea katika mawe na mchanga. Anayetia samaki wengi siku ya kwanza huwaogesha katika sumu yao wenyewe, na maji yakiwa maangavu kabisa.

Samaki watakuwa wachache, na watanunuliwa kwa wavuvi wenye leseni ya samaki wa mapambo. Katika hifadhi za baharini, kama za Mombasa, Watamu, Malindi na Kisite, hakitolewi kitu. Matumbawe hai hatutaki: yamo katika mkataba wa CITES unaosimamia biashara ya viumbe walio hatarini, na taa zake zingetuletea joto. Vipepeo pia tumewaacha, ingawa ni wazuri, kwa kuwa aina zao nyingi hula matumbawe hai tu na hufa njaa mbele ya chakula kingine. Kikande ni mgomvi. Tulipomwomba bibi achague, alisema samaki wote anaowajua kwa majina amewahi kuwakaanga, hivyo tuchague sisi.

Leo tangi lina maji, mchanga na mawe makavu tuliyoyanunua, na limeingia wiki ya tano. Amonia ilipanda, sasa inashuka. Samaki hamna. Wiki iliyopita mawe yalianza kufunikwa na utando wa rangi ya kahawia, na watoto wakalia kwamba tangi limechafuka kabla halijapata wakaaji. Bibi alisogezewa kiti baada ya alasiri, akavaa miwani, akayatazama kwa muda mrefu.

"Haya ndiyo mawe ya maji kupwa," alisema. Kisha akaomba kiti kisogezwe mbele kidogo.